Maswali ya Jeptoo

Jumanne, 4 Novemba 2025

Leo nimefaulu mtihani wa Wamarekani. Maswali yote, sikukosa hata moja — mimi niliyeishia darasa la nne!

Haya, niseme ukweli, daftari halitanisuta. Mtihani haukuwa wangu. Ulikuwa wa mjukuu wangu Jacqueline, miaka kumi na mitano, anayetibiwa huzuni tangu Agosti. Mimi msindikizaji tu. Mama yake, Honorata, yuko kazini anahudumia wazee wa watu. Mzee wake mwenyewe anapewa kiti cha kliniki.

Nesi ni Mkenya, Jeptoo. Karatasi mkononi. Anamuuliza mtoto kama wiki hizi ametamani asiwepo duniani. Kama amefikiria kujiua. Hivi hivi, kama anayeuliza chai iwe na sukari au bila. Nikawahi: hapana, huyu anasali, anaimba kwaya. Swali la pili — hapana. Jacqueline nyuma yangu: no, no, no. Jeptoo akaniomba nitoke kidogo. Nikamwambia kwetu binti haachwi na mgeni, halafu kiti hiki nimeshakipasha moto. Hakucheka. Akaandika kitu.

Jumatano, 5 Novemba

Honorata amenisifu. Ndiye aliyeniagiza nisibanduke: eti mtoto akitamka neno baya, serikali itamchukua.

Mchana Jeptoo kapiga simu. Bado anamtaka Jacqueline peke yake. King'ang'anizi! Nikamwambia maswali yake ndiyo yatakayomtia mtoto wazo.

"Mzee, wazo halingoji mimi niulize," akasema. "Nikiuliza, mtoto anajua kuna mtu anaweza kuambiwa."

Ana majibu huyu. Tena kaagiza dawa zote za nyumbani zifungiwe. Sasa vidonge vyangu vya presha vimo kwenye sanduku la chuma, ufunguo anao Honorata. Naomba dawa yangu kama mfungwa. Presha inapanda kwa kusubiri kidonge cha presha.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani Jacqueline hakuimba. Alishika kitabu tu, ukurasa mmoja ibada nzima.

Alasiri tunakunja nguo, Honorata yuko zamu. Nikamtania Jacqueline kwamba Jumanne amefaulu kwa kunakili majibu yangu. Nilingoja ile "Babu, stop" yake. Haikuja. Akaendelea kukunja shati langu, mara mbili, mara tatu, likawa dogo kama leso.

"Babu, mbele yako siwezi kusema yes."

Nikauliza yes ya nini. Kisha nikaliuliza lenyewe, swali lile lile la Jeptoo, kwa mdomo wangu huu wenye mapengo. Akaitikia kwa kichwa. Nikauliza kama ni leo. Akasema hajui, amechoka tu.

Mjinga mimi. Mjinga mzee. Nimekaa kwenye kile kiti kama jiwe kwenye mlango wa nyumba, namzuia mtoto kutoka, halafu najisifu.

Karatasi ya kliniki ina namba ya dharura. Nikapiga. Akapokea mtu mwingine, si Jeptoo, Kiingereza cha mbio, nikampa Jacqueline simu na kukaa karibu. Wakazungumza sana. Tukaambiwa asiachwe peke yake hata dakika, na kesho saa mbili asubuhi tumlete.

Honorata aliporudi alilia, kisha akanigombeza — kwa nini nimewapigia wao kabla yake? Nikamwambia anigombeze kesho, leo alale na mwanawe. Wamelala kitanda kimoja.

Jumatatu, 10 Novemba

Naandika nikiwa korido. Nimetoka mwenyewe! Jeptoo hajamaliza kuomba, nimeshasimama. Nikamwambia Jacqueline aseme lolote, hata la kunihusu mimi. Babu yake haoni aibu, hajawahi kuwa nayo. Akatabasamu upande mmoja. Mlango ukafungwa.

Honorata hapa kando anazungusha pete kidoleni, anauliza kama watamlaza. Nitajuaje? Jeptoo alisema labda leo tunarudi naye nyumbani, labda siku chache hospitali. Inategemea mtoto atasema nini. Na kunyang'anywa mtoto hakumo, alirudia mara mbili, akimwangalia Honorata.

Dakika arobaini sasa. Mlango una kioo chembamba. Nimekatazwa kukisogelea. Nimekatazwa tena.

Mezani yupo Euphrasia, mtu wa Bukoba, anayepokea wagonjwa. Asubuhi alipokwenda chooni nilimlindia meza, nikapokea na simu mbili kwa Kiswahili. Wote wakakata. Lakini meza ilikuwa salama! Nimemwendea.

Mwanangu, nimemwambia, mimi nilikulindia meza. Na wewe pita pale na faili lako kama mtu mwenye kazi. Usinisikilizie, hayo ni yao. Niangalizie midomo tu. Anayezungumza ni nani — Jeptoo, au mtoto wangu?