Makaa Chini ya Jiwe

Newala, Jumanne jioni

Nisipoyaandika haya leo, sitalala.

Leo sisi wa chama cha wabeba mnyororo wa kupimia ardhi tulikutana kwa Mzee Anafi, mkubwa wetu. Hatukukagua mnyororo kama kawaida. Tulizungumza habari ya makaa tu.

Kila tuliposimika jiwe la mpaka tulizika makaa chini yake, maana makaa hayaozi, na jiwe likiibwa tutapajua mahali pake. Bwana mpimaji, yule Mdachi, ndiye aliyetufundisha. Wenye mashamba hatukuwaeleza hata mmoja. Ujinga wetu!

Sasa watu wa Mkunya wameng'oa mawe, wameyaona makaa, na wanasema tumezika uchawi ndiyo maana mihogo yao imekauka. Tena siku hizi, ambapo kule Liwale watu wanakunywa maji ya dawa na kuwaua watumishi wa Mdachi.

"Twendeni tukawaeleze," nilisema.

Mzee Anafi akanitazama. "Baba Yohana, nani atakusikiliza wewe uliyeshika jembe la kuyafukia?"

Bwana mwenyewe ameshakimbilia pwani. Hata kutuaga hakutuaga.

Nimerudi nyumbani jua likingali juu. Mama Yohana alikuwa amesimama uani. Mbele ya mlango wetu watu wamesimika jiwe la mpaka, na udongo wake bado mbichi.

Akaniuliza chini yake kuna nini.

Miaka yote mimi ndiye niliyejua. Leo sijui, na kuchimba naogopa.