Chakula cha Kumtuliza Jenerali

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimemlisha kabla sijanywa chai. Farasi anakula kabla ya mwenye boma! Debe zima la dairymeal, ule unga wa ng'ombe wa maziwa, molasi tamu juu yake, halafu nyasi ya nepia niliyokata kwa mikono yangu. Akamaliza yote. Shukrani yake ni teke kwenye ndoo. Ndoo imepasuka. Ilikuwa ndoo nzuri.

Anaitwa Jenerali. Jina kubwa, akili ya kuku.

Kendi, mjukuu wangu, alipewa huyu mnyama na wazungu aliowafanyia kazi Timau, walipohama. Watu wengine wanaachiwa friji. Alikuwa anaenda naye kwenye harusi na sherehe, mtoto anapandishwa, anazungushwa uwanja, anapigwa picha. Kazi nzuri, sikatai. Halafu mwezi wa pili, harusi moja Meru mjini, Jenerali akasikia vuvuzela na kumrusha Kendi chini mbele ya bibi harusi. Mkono ukavunjika. Tangu siku hiyo hakuna anayempigia simu. Sasa wako kwangu hapa Nkubu, wote wawili. Wanakula.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Manyunyu tangu asubuhi. Baridi ya kuingia mfupani.

Kuna bwana anaitwa Mutuma, anasimamia farasi wa kubeba wageni kwenye shamba moja huko Timau. Amepiga simu. Anataka farasi mmoja zaidi pamoja na mtu wake. Atakuja Jumamosi ya tarehe 22 kujionea. Jenerali akitulia na Kendi ampande, wote wawili wameandikwa kazi. Asipotulia, Kendi anasema atamwuza kwa yule mtu anayenunua farasi wa kuchinja alishe mbwa. Nyasi ya kumlisha mwaka mzima hana.

Alisema hivyo akiangalia ukuta. Huyu msichana nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Akiangalia ukuta najua moyo unamuuma.

Kwa hivyo huyu mnyama atatulia. Nimesema.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Tumegombana. Kendi anasema shida ni chakula changu. Ati dairymeal na molasi zinampandisha kichwa. Ati farasi si ng'ombe, anataka nyasi kavu basi.

"Shosho, unamtia petroli halafu unashangaa anakimbia."

Mdomo huo aliutoa wapi sijui. Nilimwambia mnyama hatakaa kwangu mbavu zikihesabika kutoka barabarani. Majirani wana macho. Ng'ombe wangu wote wamekuwa wanene. Hata mbwa wangu ni mnene.

Lakini ni farasi wake. Dairymeal imerudi kwa ng'ombe, mwenye nayo. Kendi ameenda duka la agroveti na kurudi na mkebe wa poda nyeupe, magnesiamu, ya kutuliza mishipa. Kijiko kimoja kwenye maji. Nimeonja kwa ncha ya ulimi. Ina ladha ya ukuta.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kanisani mama mmoja ameniuliza kama ni kweli tunamnywesha farasi dawa ya kichaa. Nikamwambia aanze na mume wake, dawa ikibaki atuletee.

Lakini Jenerali anakonda. Nyasi kavu tupu ni kama kula ufagio. Nimemhurumia, na mimi sihurumii ovyo. Jioni nimemwongezea chakula cha mbuzi. Mzee wangu huchambua miraa nyuma ya jikoni, ya miti yetu. Zile laini zinafungwa kwenye majani ya mgomba, zinangoja mnunuzi. Majani makubwa na vijiti vilivyokataliwa ninawapa mbuzi, tangu niolewe. Hayo si unga. Hayo si molasi. Kendi alitaka majani, haya basi majani. Jenerali amekula akalamba karai.

Sikumwambia Kendi. Angeleta maneno.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mnyama hajalala. Amezunguka ua usiku kucha na kukanyaga mboga zangu zote za terere. Macho yamemtoka kama taa za lori.

Kendi amemchemshia chai ya maua ya supamaketi, kamomaili, ya wazungu wasiopata usingizi. Sufuria yangu kubwa! Miaka yote hii mimi na magoti yangu tunakesha, hakuna aliyenichemshia ua. Jenerali akanywa. Akamng'ata Kendi begani, upande ule ule wa mkono uliovunjika.

Kendi hakulia. Aliingia chumbani na kufunga mlango.

Nimeunguza githeri, mahindi na maharagwe pamoja, kwa hasira. Mwalimu wetu wa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, alisema tuandike kila siku ili mkono usisahau. Leo mkono ungesahau tu, hakuna hasara.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Bure kabisa. Poda bure. Maua bure. Amepiga teke mlango wa banda mpaka bawaba moja imetoka. Kila jioni namwongezea karai la majani ili asikonde, na kila asubuhi ananilipa ubaya. Farasi hana aibu.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Ametulia!

Tangu Ijumaa. Amesimama kama ng'ombe wa kwenye kalenda. Nimempita nyuma nikiwa na beseni kichwani, hata mkia hakutikisa. Kendi anasema ni magnesiamu, imeanza kuingia kwenye damu. Mimi nasema ni maombi, maana Ijumaa nilifunga. Tumebishana vizuri, kama watu wanaopendana. Kendi amekula chakula chote.

Mzee wangu amenuna. Gari la mnunuzi liliharibika, hakujavunwa miraa siku hizi zote. Amekaa tu ananiuliza ninapika nini.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Lango liko chini. Limelala kama mlevi.

Jana mnunuzi alirudi. Miraa ikavunwa kwa wingi, majani ya kutupa yakajaa. Nikampa Jenerali karai zima mpaka likamwagika, kwa sababu alikuwa amekaa vizuri na mimi si mchoyo. Leo asubuhi tumemkuta kwenye migomba ya jirani, anapuliza pua, jasho linamtoka kwenye baridi hii. Watu wazima wanne kumrudisha. Jirani alitukana kwa Kimeru chote anachojua.

Mzee wangu alikuja polepole na fimbo yake. Akaangalia lango. Akaangalia karai. Akaokota kijiti kimoja, akakigeuza, akakitia mdomoni.

"Mama Mwenda," ananiambia, "mimi nikitafuna hizi ninaona jua likitoka. Wewe ulitaka farasi alale?"

Nikakaa chini. Kwenye matope, na lesso safi.

Mbuzi wangu wamekula majani hayo miaka na miaka, hakuna aliyevunja lango! Nikamwambia hivyo. Akasema niwaangalie mbuzi. Nikawaangalia. Mmoja alikuwa juu ya paa la choo.

Ilibidi nimwambie Kendi. Alicheka mpaka akajishikilia nguzo. Sijamsikia akicheka tangu ile harusi. Halafu kicheko kikageuka kilio. Sikujua nimkemee kwa kipi.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Nyasi kavu. Maji. Ile poda Kendi bado anaweka, mimi sisemi kitu, siku hizi sina cheo cha kusema. Jenerali amekuwa mpole tena. Leo amelaza kichwa begani kwangu nikimsugua shingo. Kizito kama gunia la viazi. Nilimwambia asinizoee.

Kuna kitu kingine nimeona. Kendi anamrushia nyasi kutoka nje ya ua. Anamwekea maji kwa kunyoosha mkono. Tangu ang'atwe hajaingia ndani. Nimemwambia apande, ajaribu kabla ya Jumamosi. Anasema mkono unauma. Daktari alisema mfupa umeshika. Nilikuwa hapo, nilisikia.

Nimemkemea. Nimemwita mwoga. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Heri angejibu.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Mutuma amekuja. Mtu wa adabu, kofia mkononi.

Alifungua mwavuli mbele ya Jenerali. Hakuna kitu. Akapiga makofi. Hakuna kitu. Akamwinua kwato moja moja, akamvuta mkia, akamwambia mzee wangu apige kelele, na mzee wangu kupiga kelele anajua. Jenerali akapiga mwayo tu. Mutuma akasema huyu ni farasi wa kazi. Nikajaa kifua.

"Haya dada, panda tuone."

Kendi akashika tandiko. Akaweka mguu pa kukanyagia. Akautoa. Akauweka tena. Jenerali amesimama kama nyumba, wala hasogei. Uso wa Kendi umekuwa rangi ya majivu.

"Siwezi," akasema.

Mutuma hakumcheka. Alisema kuna farasi mwingine Naro Moru wa kuangalia, na atatoa jibu wiki ijayo. Akakataa chai.

Nina hasira mpaka kichwa kinauma, na sina mtu wa kumkasirikia. Mnyama amefanya yote aliyoambiwa. Tumembadilishia chakula, tumempa poda, tumemchemshia maua. Na aliyekuwa anaogopa wakati huo wote alikuwa anakula githeri mezani kwangu, nikamwita mwoga.

Jumapili, tarehe 23 Juni

Ukungu asubuhi. Sikwenda kanisani.

Nikiwasha moto Kendi alisimama mlangoni, amevaa zile buti zake.

"Shosho, nishikie kamba."

Nikaacha chai kwenye moto.

Nilishika kamba. Alisimama kando ya Jenerali muda mrefu, mkono kwenye shingo yake. Mimi nilikuwa na maneno mengi. Panda. Kaza moyo. Unangoja nini. Yalijaa mdomoni, nikayameza yote, moja baada ya lingine, na kwangu hicho si chakula cha kawaida.

Akapanda.

Tulienda polepole mpaka kituo cha kupimia majani chai. Hakuna mtu huko Jumapili. Tukageuka. Kendi alikuwa anapumua kama mtu aliyebeba mzigo mlimani, halafu baada ya kona akaanza kupumua kama watu. Alisema kesho atampigia Mutuma yeye mwenyewe, asingoje kupigiwa. Nikasema sawa. Hilo tu.

Kwenye mteremko akaniambia naweza kuachilia kamba. Nikaachilia. Wakatangulia mbele kwenye ukungu, nami nikafuata nyuma na magoti yangu, nikisikia kwato.

Nilipofika nyumbani chai ilikuwa imekauka kwenye sufuria. Nikateleka nyingine.