Nilipuliza Filimbi Bila Kuona

Mpendwa Mama Faustina, shikamoo.

Naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, na kama mwandiko wangu utakusumbua nivumilie, shule niliachia darasa la sita na kalamu kwangu ni nzito kuliko tenga la nyanya. Mimi ni mtu wa Mbalizi, Mbeya, ila nina miaka mingi hapa Ilula napakia nyanya kwenye magari yanayokwenda Dar es Salaam, nyumbani narudi kukiwa na msiba tu. Nimechoka, Mama, na sasa uchovu wenyewe umehamia moyoni.

Kwanza nikueleze kazi yetu ndipo utanielewa. Tenga la nyanya likijaa halipandi kwenye gari kwa mtu mmoja, wa chini ananyanyua na wa juu anapokea, na sheria yetu ni kwamba wa chini haachii mpaka wa juu aseme "nimeshika", kwa sababu ukiachia mapema tenga litamrudia mtu kifuani au litamvunja mkono mwenzio. Wa juu yangu tangu siku niliyofika hapa ni Lutengano. Ndiye aliyeniita nije Ilula, tumekua pamoja Mbalizi, tumecheza mpira uwanja mmoja tangu tukiwa peku, na hapa pia tulicheza wote timu ya wapakiaji, ambayo karibu wote ni watu wa kwetu, mpaka goti langu la kulia lilipokataa.

Niliumia sana kuacha mpira. Jumapili nilikuwa nakaa pembeni ya uwanja kama mjane. Ndipo Mwalimu Isaka, mwenyekiti wa ligi yetu ambayo bingwa wake hupewa ng'ombe, akaniambia, "Wewe umecheza, ujanja wote wa wachezaji unaujua, hakuna atakayekudanganya. Chukua filimbi." Nikaenda semina ya waamuzi Iringa mjini, nikarudi na filimbi na jezi nyeusi, nikajiona mtu tena. Leo nikiiona ile jezi kwenye kamba natamani mke wangu Evarista aifanye tambara la kupigia deki.

Nusu fainali ilikuwa wapakiaji na Kalenga, na Kalenga ndiko nilikooa, beki wao Anord ni mdogo wake Evarista, tumbo moja. Mwalimu Isaka aliniuliza kama nitaweza kuchezesha mechi hiyo kwa sababu refa mwingine alikuwa mgonjwa, nikasema naweza. Watu wa kwetu waliponiona naingia katikati wakashangilia, "Leo tumekula, refa ni wetu!" na wale wa Kalenga wakajibu, "Na sisi ni shemeji yetu, tugawane!" Watu wote wakacheka na mimi nikacheka, lakini ndani nikaapa kwamba leo nitawaonyesha kuwa sina ndugu.

Mpira ukiwa unakaribia kuisha, bila bila, Lutengano akapenya akaingia kwenye boksi, mimi nikaona mgongo mpana wa mchezaji mmoja umenikinga, halafu nikamwona Lutengano yuko chini. Hapo katikati sikuona kitu. Goti lilinichelewesha nikawa mbali, na mshika kibendera wa upande ule alikuwa anagombana na mashabiki waliokanyaga mstari. Sikuona, Mama, lakini nilidhani najua. Tulipokuwa vijana mimi na Lutengano tulibuni namna ya kujiangusha, unauburuza mguu wa nyuma mpaka uguse wa beki, unapiga yowe, ndipo unaanguka, na tulipata penalti nyingi kwa njia hiyo. Kwa hiyo nilipomwona chini nikasema moyoni, huyu kafanya ule mchezo wetu, anataka kunidanganya mimi niliyemfundisha. Na watu wa kwetu walikuwa wanapiga kelele, "Penalti! Mpe mwenzio!" Zile kelele zilinipandisha hasira. Nikapuliza, nikampa kadi ya njano ya kujiangusha, na kwa kuwa kipindi cha kwanza nilishampa nyingine kwa kubishana, nikatoa nyekundu. Nilimwonyesha kadi nyekundu mtu aliyelala chini.

Akaniangalia, akasema, "Kaka, umeona nini?"

Nikamwambia, "Nimeona yote. Toka nje."

Walimbeba. Kalenga wakafunga goli baada ya hapo na wapakiaji wakatolewa. Kesho yake tukasikia mfupa wa mguu umevunjika, na mpaka leo yuko ndani na hogo la plasta mpaka gotini. Mimi nilijifariji kwamba labda aliumia kwa kuanguka vibaya, mtu akijiangusha anaweza kuumia pia.

Tangu siku hiyo kazini hakuna anayesema na mimi. Nikiwasalimia kikwetu, "Ugonile", wananijibu kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, mkwe wetu!" kama vile mimi si Mnyakyusa mwenzao, halafu wanageuka. Wanasema nimekula kwa wakwe. Hakuna anayetaka kupokea tenga langu, nabebeshwa viroba vidogo vya hoho kama mgeni. Huku Mwalimu Isaka naye kanisimamisha mbele ya viongozi wa timu zote akasema, "Huyu ndiye mwamuzi asiyejua ndugu, na fainali atachezesha yeye." Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa sikia lililonimaliza. Jumapili iliyopita Anord alikuja kututembelea, tuko mezani tunakula, akacheka akasema, "Shemeji, wewe ni mtu! Yule jamaa nilimpiga mpaka nikasikia mfupa. Nikajua hapa penalti na kadi nyekundu juu yangu. Mara naona unamtoa yeye! Nikasema kumbe ukwe una kazi yake." Evarista akamwambia, "Anord, kula unyamaze." Na mimi nikiwa nimeshika tonge ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikutaka kukikumbuka, kwamba siku ile Lutengano hakupiga yowe kwanza. Katika ujanja wetu yowe linatangulia. Yeye alianguka kimya kabisa, yowe likaja baadaye. Masikio yangu yalisikia, mimi ndiye niliyeyanyima nafasi.

Mke wangu amekuwa akimpelekea Lutengano uji na ndizi, mimi sijakanyaga. Juzi Lutengano akamwambia, "Shemeji, mwambie mumeo simdai penalti. Aniambie tu aliona nini." Na Jumamosi hii kaka yake anakuja kumchukua kumrudisha Mbalizi, na mtu aliyevunjika mguu sidhani kama atarudi kupanda juu ya magari.

Nifanyeje, Mama? Nikisema ukweli matokeo hayarudi, Kalenga wako fainali tayari, Evarista anasema vijana wa kwetu watampiga mdogo wake, Mwalimu Isaka ataaibika kwa kunisifu, na mimi watasema sasa ni mwizi na mjinga. Nikinyamaza, Jumapili hii nitachezesha fainali kwa heshima ambayo si yangu. Nafikiria niirudishe tu filimbi, niseme goti linauma, yaishe. Najuta kuliko ninavyoweza kuandika. Tafadhali usiandike jina langu.

Mpakiaji, Ilula.

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma jikoni mboga ikaungua, kwa hiyo nawe nivumilie nikisema kwa ukali. Umenitajia jina la mwenzio, la mkeo, la shemeji yako na la mwalimu, ukaficha la kwako peke yake. Nimeyabadilisha yote. Lakini Ilula refa mwenye goti bovu na mke wa Kalenga ni mmoja, na gazeti hili linasomwa hapo stendi. Ukiwa umelishika mkononi, ujue na wenzio wamelishika. Kunja gazeti, uende. Mengine utayasoma ukirudi.

Hujaenda? Haya, basi nisikilize.

Refa kutoona ni jambo la kawaida, Mungu alitupa macho mawili na yote yanatazama upande mmoja. Ungesema siku ile, "Jamani sikuona, mpira uendelee," wangekutukana mpaka magharibi, na Jumatatu Lutengano angepokea tenga lako huku anakusonya. Wewe hukusema hivyo. Ulimhukumu mtu kwa ujana wake. Ulichukua ujanja mlioufanya wawili, ukamvika yeye peke yake, wewe ukavaa jezi nyeusi. Na uliapa kuwaonyesha watu kwamba huna ndugu kabla hata mpira haujaanza. Mwamuzi anayeingia uwanjani na kiapo cha namna hiyo ameshampendelea mtu, amejipendelea mwenyewe. Hilo ndilo linalokuuma Mwalimu Isaka anapokusifu, na ni vizuri likuume.

Hata hivyo nakuhurumia. Najua ilivyo kuishi mbali na kwenu na watu wako ni hao hao unaobeba nao mizigo. Mtu akikujibu salamu kwa lugha ya wengine ilhali anaijua yenu, amekufungia mlango. Hilo nalielewa. Lakini angalia, mwenye mguu uliovunjika hajakufungia. Yeye amekuuliza swali. Amekuuliza uwanjani akiwa amelala, na amekuuliza tena kupitia kwa mkeo. Ni swali moja, na jibu lake ni neno moja: sikuona. Wewe badala ya kulipeleka unatuma ndizi. Ndizi zinajua nini, baba?

Nenda leo, mchana, watu wakuone unaingia. Usimtume Evarista na usiende naye. Usibebe kitu, maana ukitangulia na kapu atalazimika kushukuru kabla hajakasirika, na ana haki ya kukasirika kwanza. Mwambie hukuona, mwambie ulimdhania, mwambie ulisikia amenyamaza na ukapuuza. Habari za goti, mshika kibendera na mgongo wa mtu ziache mlangoni. Akikutukana, kaa. Akilia, kaa.

Ukitoka hapo, nenda kwa Mwalimu Isaka kabla Jumapili haijafika. Mwambie ile kadi nyekundu ifutwe, jina la Lutengano litoke safi hata kama hatacheza tena, na fainali wamtafute mwingine, maana mtu hachezeshi fainali ya timu ya shemeji yake hata kama ni malaika. Mwalimu ataaibika kidogo. Alikupa mechi ya wenzako na wakwe zako kwa pamoja, sehemu ya aibu hiyo ni yake na ana mabega ya kuibeba. Yeye mwenyewe ndiye awatangazie viongozi wa timu zote, mbele yao kama alivyokusifu, na mwombe akae na wazee wa timu zote mbili kabla ya mechi, ili mtu asimguse Anord. Na huyo Anord mwambie mimi nimesema: aliyevunja mfupa wa mtu akacheka akiwa na tonge mdomoni, safari ya Kalenga kwenda Ilula kuomba radhi si ndefu.

Filimbi usiirudishe kwa kisingizio cha goti. Umeshadanganya mara moja uwanjani, yatosha. Msimu ujao omba kibendera, ukae pembeni, uyazoeze macho yako yawe macho ya mwamuzi. Ulipokuwa mchezaji ulitakiwa kukisia kabla ya kuona, ndivyo magoli yanavyofungwa. Sasa kazi yako imebadilika. Ukijiona unajua kabla hujaona, itoe kwanza hiyo filimbi mdomoni.

Kuhusu wenzako wa kwenye magari siwezi kukuahidi kitu. Wengine watakusamehe, wengine watakuita mkwe mpaka mvi. Salimia kikwenu kila asubuhi, usibadilishe. Atakayeitika, ataitika.

La mwisho ulinifundisha wewe mwenyewe bila kujua. Umesema wa chini haachii tenga mpaka wa juu aseme ameshika. Siku ile uliachia mapema, likamwangukia. Sasa mnyanyulie tena huo ukweli, nao ni mzito. Huenda leo asiseme neno, huenda apande basi Jumamosi akiwa kimya. Mfuate mpaka stendi, mshikie begi lake na magongo yake, na ukirudi kwenu kwa msiba au kwa sikukuu mfuate huko huko Mbalizi. Usiachie mpaka umsikie yeye, kwa mdomo wake, akisema, "Nimeshika."