Kaka Balta, Mende Wangu Wamejenga Tuta

Kaka Balta,

Umeshinda. Natamka mapema kabla kiburi hakijanirudia. Nimebishana na padri, na mwenyekiti wa mtaa, na maprofesa wangu wa Dar, na hakuna niliyempa ushindi akiwa hai. Wewe umenibana ukiwa kaburini!

Unavikumbuka vile vigari vyangu, ulivyoviita "mende wa Federika"? Vile nilivyoviunda kwa mota za redio kaseti mbovu na magurudumu ya magari ya watoto, haya ya plastiki yaliyojaa madukani tangu biashara ifunguliwe. Ndio utafiti wangu wa shahada ya udaktari: roboti ndogo nyingi, zisizo na mkubwa, zikusanye vizibo vya soda vilivyotapakaa sakafuni zifanye rundo moja. Kila kigari kinajua tu kilicho mbele ya pua yake. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Hata watu wenye akili wanahitaji nyapara, sembuse hao mende!"

Tangu tukuzike, wamenitesa. Msimamizi wangu alinitaka niweke kigari kimoja kiwe kiongozi. Nikaweka, kwa hasira, nimwoneshe. Betri ya kiongozi ilipoisha, vingine vyote vilisimama vikingoja maagizo kutoka juu. Si ndivyo tulivyoishi miaka yote ile, Kaka? Basi nikamwondoa kiongozi, nikaacha kila kimoja kijipiganie, kama wanavyotuhubiria siku hizi kwamba soko litajipanga lenyewe. Vyote vilikimbilia vizibo vilevile, vikabanana pembeni, mota zikalia, hakuna kinachosogea. Soko huria hilo! Msimamizi akasema muhula ukiisha bila rundo, utafiti unafungwa. Umri huu wangu, Kaka, nani angenipa nafasi nyingine?

Nikarudi nyumbani Izia, pale mjini, na mende wangu kwenye ndoo. Kisha nikaenda kijijini Kate, shambani kwako. Majani yalikuwa yameota, matuta hayajainuliwa, na Wifi Skola alikuwa ameita watu kazini na kupika pombe ya ulezi, kama ulivyokuwa ukifanya. Wakaja hata wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mzee wao alituangalia tukifukia majani chini ya udongo, akauliza, "Ninyi Wafipa, hata majani mnayafanyia mazishi?" Nikadhani Wifi atalia. Akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. "Haya yetu yanafufuka, baba. Njoo uyaone yakiwa mahindi."

Tukapanga safu. Watu walipobanana, majembe yakaanza kugusana. Aliyemgusa mwenzake akatoka, akaenda kwenye chungu cha pombe, akapiga mafunda mawili, akarudi akaingia palipokuwa wazi. Halafu mwingine. Hakuna aliyewaamuru, na hakuna aliyekuwa akijipigania. Safu ikasonga mbele.

Nimelima hivyo tangu utoto! Ila kila ulipokwenda kwenye chungu nilikuita mvivu, nawe kila mara ukanijibu, "Sijachoka, mdogo wangu. Nakuachia nafasi." Nilidhani ni utani wa mlevi. Kwa nyapara ulikosea, Kaka, lakini kwa chungu umenishinda.

Nikatupa jembe. Wifi alidhani nimeumwa na nyoka. Nikadandia lori la mahindi mpaka mjini, nikavifundisha vigari jambo moja: ukimgonga mwenzako, rudi nyuma, tulia kidogo, kisha tafuta palipo wazi.

Kaka! Viligongana, vikaachana, vikatulia, vikarudi. Na katikati ya sebule rundo likaanza kuinuka kama tuta. Nikazima vigari kadhaa kwa makusudi, vingine vikaendelea na kazi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na rungu akidhani mwizi kaingia. Nikamkumbatia na rungu lake. Nimerudia tena na tena, na kila mara rundo linainuka. Ningetoa chochote usikie mota zile zikinyamaza na kuanza upya.

Kesho kutwa naenda Dar. Kanuni hii nitaiita Kanuni ya Chungu, na jina lako litakuwa chini yake. Wakisema jina hilo si la kisayansi, tutaonana. Ubishi hujaondoka nao. Na kila mwaka majani yakiota nitakuja Kate. Safu ikibanana nitakwenda kwenye chungu kwa niaba yako, hata kama sijachoka, na atakayeniita mvivu najua la kumjibu.

Pumzika, Kaka. Nafasi uliyoniachia nimeiona.

Mdogo wako mbishi,
Federika