Mbegu za Rehani ya Mama

Jumatano, baada ya Magharibi

Zimeota, alhamdulillahi. Nilikuwa na hofu, maana mwaka jana mbegu zote zilioza kwa unyevu, na mwaka huu punda wa jirani amekula mche wa mwisho wa rehani ya kunukia, aliyoitoa marehemu mama kijijini kwao Mbwajumali. Nilikuwa nimeshavuna maua yaliyokauka, nikazitia mbegu chupani pamoja na majivu zisishike unyevu.

Wifi yangu Zuhura alinicheka. "Hizo zishakufa. Nunua za Mombasa."

Leo nimemfunulia kitambaa kibichi nilichozijaribia chache. Aliviangalia vile vichipukizi, kisha akaniuliza:

"Wifi, hunipi kidogo na mimi, nipande mwakani?"

Nimempa kijiko kimoja cha mbegu za chupani. Amezifunga kwenye pindo la leso, akalishika fundo mpaka mlangoni.