Konrodi ya Tatu Ilikohoa

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni fundi wa injini, kazi niliyofundishwa na baba yangu mzazi, naye anasifika kwa kuchagua vipuri kwa sikio: anakining'iniza chuma kwa kamba, anakigonga na spana, kikilia vizuri anasema "kizima hiki", kikikohoa anakitupa. Sasa tunaunda injini ya gari la mashindano la mdogo wangu, na baba akatoa konrodi nne, vile vyuma vinavyoshika pistoni, alizozitunza miaka ishirini ndani ya kitambaa chenye grisi, akazigonga zote mbele yetu, akacheka, "Zinaimba hizo!" Mshauri, ya tatu haikuimba, ilikohoa, mimi niliisikia, mdogo wangu aliisikia, tukatazamana, maana ndipo tulipojua baba hasikii vizuri tena. Nikaipeleka kimyakimya kwa mchonga vyuma, akaipaka rangi ya kupimia nyufa, ufa huo, mwembamba kama unywele! Nikanunua nne mpya zilizopimwa, nikazifunga, za baba nikazificha kabatini chini ya mashuka, naye kila anayeingia gerejini, hata wateja wanaomletea vyuma awagongee, anawaambia konrodi zake ndizo zitakazombeba mwanawe, na mimi naitikia "ndiyo, baba" huku moyo unaniuma. Nimwambie nimvunje moyo, au nimwachie furaha yake? Nampenda mno mzee huyu.

Binti wa Fundi

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera pia, kwa sababu kwenye injini hukukosea. Injini ya mashindano haijui heshima wala kumbukumbu. Konrodi ikikatika kwenye kasi ile inatoboa bloku, mwili wenyewe wa injini, na dereva yumo ndani. Kipuri cha namna hiyo hakichaguliwi kwa mapenzi.

Lakini wewe nawe! Umeandika kwa mkono wako kwamba wateja bado wanamletea vyuma awagongee, ukapita hapo kama hujaona kitu. Mdogo wako umemwokoa. Hao wengine si watoto wa watu? Unamfichia baba aibu leo ili kesho abebe damu ya mtu? Huo ni woga, mama, usiupambe.

Kesho asubuhi, kabla gereji haijafunguliwa, itoe hiyo konrodi kabatini. Kaa naye wawili tu. Usimwambie amezeeka, anajua. Mpe mkononi auone ufa mwenyewe, macho yake bado yapo, kisha mwambie, "Baba, sikio ulilonifundisha wewe limeikataa hii." Kuanzia hapo wewe ugonge, yeye apake rangi na kukagua, na chuma kisitoke mlangoni bila nyinyi wawili kukubaliana. Halafu mpeleke kwa daktari wa masikio, wiki hii hii.

Atanuna. Mwache anune, hata siku mbili. Mtu aliyetupa vyuma vibovu maisha yake yote hawezi kukuchukia kwa kutupa kimoja.

Na machozi yakikujia, lia. Ila maneno yaseme kwa sauti, mwanangu, maana ukinong'ona hatasikia.