Nimesema Mchezaji Ni Mimi

Beryl, nimesema uongo, na nguo za kanisani bado ziko mwilini!

Unajua serikali ilipoagiza wacheza kamari wakaguliwe kipato, mwanangu Clive alifungiwa akaunti yake, eti anacheza kuliko kipato chake. Nikafoka: mtu mzima na jasho lake anaulizwa nini? Nikamfungulia akaunti kwa jina langu.

Sasa hivi kampuni ya kamari imenipigia simu. Binti mpole kabisa: “Mama, ni wewe unayecheza?”

Nikasema ndiyo. Ndiyo, Beryl!

“Jana ulicheza nini?”

“Mbio za farasi, binti yangu.”

“Hapana, mama, ilikuwa ruleti. Kutwa nzima.”

Ruleti, lile gurudumu la kasino! Mimi nilidhani ni farasi tu, kama marehemu baba yake.

“Aa, nilisahau,” nikasema.

Akaniamini, akaiacha akaunti wazi.

Clive yuko jikoni ananichemshia chai, anapiga mluzi. Beryl, nitaimezaje?